Ukoko

Gredi ya pili, Mtongwe, saa nne kasoro,
jua limeshapanda juu ya mabati na kukaa.
Watoto hamsini na watatu, madawati ishirini,
na mimi na kipisi changu cha chaki ya buluu
nimechora duara ndani ya duara ndani ya duara.

Nikasema: hii ndiyo dunia mkiikata kwa kisu.
Wakacheka. Nani ana kisu hicho?
Nikasema: hapa nje, tunapokaa sisi, panaitwa ukoko.

Lo! Darasa likaamka.
Ukoko wanaujua. Ukoko wanaugombania
Ijumaa, sufuria ya pilau ikishaepuliwa,
kijiko kinakwangua, krr, krr,
mkubwa apate kipande, mdogo apate kulia.
Tsuma akauliza kama huo wa dunia nao una iliki.

Basi nikaendelea, nimefurahi, nimepata njia:
chini ya ukoko pana koti, nene, la mwamba wenye joto
unaosogea kwa mwendo wa kucha kuota;
chini ya koti, chuma kilichoyeyuka;
na katikati kabisa, kiini,
chuma kilichobanwa pande zote
hata nafasi ya kuyeyuka kikaikosa.

Mejumaa wa dirishani akanyosha mkono.
"Mwalimu, ukoko wa nyumbani uko chini,
ndio unaogusa moto.
Huu wa dunia mbona uko juu, mbali na moto?"

Nikafungua mdomo.
Nikaufunga.

Huyu ni binti Mwinyikai, mchimba mashimo,
na hoja za babake anazo mfukoni.
"Baba amechimba futi arobaini nyuma ya zahanati.
Kakuta jiwe la matumbawe, kakuta makombe, kakuta maji ya chumvi.
Moto hakuukuta."
"Alikuwa hajafika."
"Atafika lini?"
"Hafiki. Hakuna mtu aliyewahi kuutoboa ukoko wote."
"Sasa mmejuaje?"

Hilo nililiweza.
Nikamwambia: mamako sokoni haipasui nazi kabla ya kuilipia.
Huigonga, huitikisa sikioni.
Nchi ikitetemeka mahali, mtikisiko hupita tumboni mwa dunia,
na wenye vipimo, ng'ambo ya pili, husikiliza.
Akakubali. Nusu.
Lakini swali la ukoko akaniachia mezani
kama kitabu kisichosahihishwa.

Usiku nilimpikia mamangu uji wa mtama.
Nikaumimina bakulini, nikageuka kutafuta sukari,
sukari imejificha nyuma ya mkebe wa majani,
narudi: uji umeshika utando.
Nikasimama na kijiko mkononi
mpaka mama akaita, wewe, uji au dua?

Asubuhi nikabeba chupa ya chai imejaa uji,
nikabeba na bakuli la bati.
Nikamimina. Nikasema msiguse, tazameni.
Watoto hamsini na watatu, kimya,
jambo ambalo mkaguzi hajawahi kulipata.
Mvuke ukapanda. Mvuke ukapungua.
Ngozi ikajitanda, nyembamba, ya hudhurungi.
Mejumaa akapuliza kidogo, ikakunjamana.
"Milima," akasema mmoja.
Mejumaa hakusema kitu. Akapuliza tena.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayejisemea:
"Kumbe pia ni pale panapopoa kwanza."

Nikawaambia ukweli: mfano huu unavuja,
koti la dunia si uji, ni mwamba,
na bakuli halina kiini.
Hawakunisikia. Tsuma alikuwa anaomba kuinywa dunia.
Nikampa. Akasema haina sukari.

Saa saba walipotoka nilimwona Mejumaa uwanjani
akitembea kwa ncha za vidole,
mkoba kaushika kifuani usije ukaongeza uzito.
Nyuma yake Tsuma,
akiruka kwa miguu miwili, makusudi, puu,
kisha akilala chini, sikio mchangani,
akingoja ng'ambo wamjibu.